Mwizi Aliyesoma Bango la Msiba

Dada yangu Dufie alipofariki, mwanawe Boadu alichapisha mabango mia mbili. Nasema mwanawe, ingawa kwetu mtoto wa dada ni mwanao pia, hata siku zile unazotamani asiwe.

Bango lenyewe lilikuwa kubwa kama mlango wa ghala. Picha ya marehemu iliwekwa juu pembeni, ndogo kama stempu. Katikati alikaa Boadu mwenyewe, suti na miwani, kidole shavuni, ungedhani yeye ndiye aliyekufa na kufa kumempendeza. Chini ya picha yake kukaandikwa: Mwombolezaji Mkuu, Injinia Kwaku Boadu, Mtaalamu wa Kompyuta. Utaalamu huo ni kozi ya miezi mitatu aliyoisoma juu ya duka la matairi pale Suame, na mwezi wa tatu hakuumaliza kwa sababu aliumwa jino.

Haikuishia hapo. Akaandika tarehe aliyozaliwa. Akaandika jina la mama yake kabla hajaolewa. Akaandika kwamba waliomjua utotoni humwita Nkatie, yaani karanga, maana kichwa chake kilikuwa na umbo hilo na bado kinalo. Akaandika na shule yake ya kwanza: Shule ya Bweni ya Mtakatifu Ambrosi, Akra.

Nilipolisoma nilimwita.

"Boadu, huu ni msiba au unatafuta mchumba?"

"Mama mdogo, hayo ni mambo ya kisasa. Watu wa Hamburg na Toronto wataliona. Lazima wajue marehemu alizaa mtu wa aina gani."

"Watajua," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi."

Kuhusu ile shule sikusema kitu. Nilikuwa na dada wa kulia, na uongo wa Boadu ulikuwa mwingi kiasi kwamba kuurekebisha mmoja ni kama kufagia jangwa. Mabango yakabandikwa mtaani kwetu Bantama kote: kwenye nguzo za umeme, kwenye ukuta wa zahanati, hata kwenye mlango wa choo cha soko. Boadu akapiga picha bango moja na kulirusha mtandaoni pia, lisije likamkosa mtu.

Sasa nieleze habari ya Frema, kwa sababu huyo ndiye aliyeumia.

Frema ni mtoto wa binti yangu, na ni fundi. Anashona nguo za msiba, nyeusi na nyekundu, kaba, yaani blauzi, na sketi, na mkono wake ukishika mkasi kitambaa kinatii. Wateja wake nusu wako Kumasi, nusu wako ughaibuni. Wote humfikia kwa ukurasa wake wa mtandaoni. Humo ndimo hutuma vipimo vyao, kifua, kiuno, urefu wa mkono, na Frema havinakili mahali pengine popote. Nilimwambia anunue daftari. Akaniambia mimi bibi yake, "Nana, daftari linaungua." Nikakubali, kwa kuwa kweli linaungua.

Ila ule ukurasa alikuwa ameufungua Boadu, miaka sita iliyopita, kwa barua pepe yake na jina lake. Frema alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na mjomba alikuwa mtaalamu. Baadaye mtoto akapata akili. Nilimsikia mwenyewe, uani, akimbembeleza.

"Mjomba, tuweke ile namba ya uhakika. Mtu akitaka kuingia, namba inakuja kwanza kwenye simu yangu."

"Ya nini?"

"Ili asiingie mtu mwingine."

"Frema, mimi nimesomea haya mambo. Hiyo namba ni ya watu waoga. Niliiwekewa nikaizima. Kila nikitaka kuingia, simu inapiga ting, ting, kama kengele ya mbuzi. Neno langu la siri halijawahi kuvunjwa na mtu."

"Ni lipi?"

"Ni siri."

Lilikuwa Boadu na mwaka aliozaliwa. Nilijua mimi, alijua mke wake, alijua muuza ugali wa kenkey wa pale kona.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya mazishi. Ukoo mzima ulikuwa umeagiza nguo kwa Frema, watu sitini na wanne, na hao wa ughaibuni walikuwa wameshatuma vipimo. Asubuhi Frema akatoka chumbani na simu mkononi, uso umekauka.

"Nana, ukurasa wangu unauza dawa ya kunenepesha makalio."

Nikavaa miwani. Kweli. Pale palipokuwa na nguo zake nzuri sasa palikuwa na chupa ya kijani, na kando yake makalio ambayo Mungu hakuhusika nayo. Chini yake shangazi zake Frema wa Toronto walikuwa wanauliza kama inafaa kwa wenye kisukari.

"Ingia ufute," nikamwambia.

"Siwezi. Neno la siri limebadilishwa. Vipimo vyote vimo ndani, Nana. Siku tisa. Nitawavika nini watu sitini na wanne?"

Akamwandikia mwizi kama mteja wa kawaida, kwa simu ya rafiki yake, akimwomba arudishe. Mwizi akajibu upesi. Nakumbuka maneno yake vizuri maana niliyasoma mara tatu: "Poleni na msiba. Bango lenu zuri sana. Nimelisoma lote."

Nilicheka. Samahani, lakini nilicheka. Mwizi huyu alikuwa na adabu ya kutoa pole, na alikuwa msomaji, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya watu wengi wa familia yetu. Maana ndivyo ilivyokuwa: mtandao ulimuuliza, umesahau neno la siri? Akasema nimesahau. Ukamuuliza, mama yako aliitwa nani kabla hajaolewa? Akageuka akatazama bango. Utotoni uliitwaje? Akatazama bango. Karibu ndani, Injinia Nkatie.

Boadu alipokuja hakukubali.

"Hawa ni Warusi," akasema. "Wana mashine kubwa chini ya ardhi. Hakuna mtu mweusi anayeweza kunivunja mimi."

"Mjomba, amesema amesoma bango."

"Ndiyo mbinu yao. Wanakupoteza."

"Warusi wanasoma mlango wa choo cha soko?" nikamuuliza.

"Mama mdogo, haya mambo huyaelewi."

Kweli siyaelewi. Niliishia darasa la sita. Lakini ukimpa mtu ufunguo, ukamwonyesha mlango, ukampiga picha na kitasa, si lazima awe Mrusi.

Frema hakungoja. Alizunguka kwa mafundi simu asubuhi yote, akarudi na habari. Wenye mtandao wakiona neno la siri limebadilishwa, hutuma barua kwenye ile barua pepe ya zamani: kama si wewe uliyebadilisha, bonyeza hapa. Barua hiyo ina uhai wa siku mbili. Siku moja ilikuwa imekwisha.

"Basi Mjomba, fungua hiyo barua pepe."

Boadu akajikuna. Ile barua pepe aliiacha miaka minne iliyopita, alipofungua mpya yenye neno Injinia mbele. Neno la siri la ile ya zamani hakulikumbuka.

"Kuna swali," akasema Frema. "Ukijibu swali, inafunguka."

"Basi kesho. Leo baba mkwe anakuja."

"Kesho itakuwa imekufa, Mjomba."

"Nimesema nitashughulikia na watu wangu."

Watu wake ni vijana wawili wanaocheza dama nyuma ya duka la matairi. Frema akanitazama. Nikamwambia alete kompyuta pale pale uani, aiweke juu ya meza, kati ya maji ya kunywa na bakuli la karanga. Wakati huo huo mlango ukabishwa, wakwe wakaingia.

Baba mkwe wa Boadu ni Opanyin Amankwah, yaani Mzee Amankwah, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu mwenye nguo ya maombolezo iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuja na dada zake wawili kueleza upande wao utaleta nini siku ya msiba. Na yeye, uone Mungu anavyopanga, alisoma kwa Mtakatifu Ambrosi. Kweli alisoma. Ana picha. Boadu alipoenda kuomba mke, hiyo shule ndiyo aliyoiweka mbele kama chupa ya kinywaji. Tangu hapo, kila mzee akitaja bweni au mpira wa shule, Boadu hupata simu ya haraka.

Tukasalimiana, wakapewa maji, wakauliza kompyuta ya nini. Nikawaeleza yote, pamoja na makalio. Dada wa Opanyin akaomba kuona. Akaona. Akasema, "Mama yangu!" akaomba kuona tena.

"Basi fungueni," akasema Opanyin. "Msiba ni wa wote. Nguo yangu nami imo humo."

Frema akabonyeza. Swali likatokea, akalisoma kwa sauti: "Shule yako ya kwanza iliitwaje?"

Boadu akakohoa.

"Rahisi," akasema mzee, na akajinyoosha kidogo. "Mtakatifu Ambrosi."

"Ngoja, Baba," akasema Frema. "Hapa pameandikwa, jana mtu alijaribu akakosea. Zimebaki nafasi mbili. Zikiisha inafungwa mwezi mzima."

"Nani aliyejaribu?"

"Mwizi. Na mwizi kila kitu amekitoa kwenye bango." Akamgeukia Boadu pole pole. "Mjomba, bango linasema Mtakatifu Ambrosi. Mwizi akaandika Mtakatifu Ambrosi. Ikakataa."

Boadu alikuwa akimtazama kuku.

"Hakuandika neno Bweni," akasema. "Andika pamoja na Bweni. Shule ya Bweni ya Mtakatifu Ambrosi. Mrusi hawezi kujua Bweni."

"Lakini Bweni limo kwenye bango."

"Frema! Nani mtaalamu hapa?"

Kabla sijainua mkono, kidole chake kikubwa kilishaandika, kikabonyeza. Ikakataa. Nafasi moja.

Frema hakulia. Afadhali angelia. Alikaa akaviangalia vidole vyake vyenye alama za sindano, kama mtu anayehesabu watu sitini na wanne waliosimama uchi makaburini.

"Mashine imeharibika," akasema Boadu, akainuka. "Niliwaambia. Funga hicho kitu. Mama mdogo, wageni hawajapewa chakula."

"Kaa," nikamwambia.

"Mama mdogo..."

"Kaa, Nkatie."

Akakaa. Mimi nimemwogesha mtu huyu. Najua goti lake, najua koo lake linavyopanda na kushuka akiwa ameficha nyama mdomoni. Lilikuwa linapanda na kushuka.

"Ulipofungua hiyo barua pepe," nikamuuliza, "ulikuwa na nani chumbani?"

"Sikumbuki."

"Ulikuwa peke yako. Hukuwa umeoa, hukuwa na suti. Mashine ikakuuliza shule yako ya kwanza, na hapakuwa na mtu wa kumvimbia. Kwa hiyo ukasema kweli. Labda ndiyo mara ya mwisho."

"Mama mdogo, naomba tuzungumze pembeni."

"Pembeni kuna nini? Kuku?"

"Mkwe," akasema Opanyin Amankwah kwa sauti ya darasani, "kama kuna jibu, mpe mtoto."

Boadu akatazama viatu vyake. Viatu vilikuwa vizuri. Nilimpa muda, namwapia marehemu dada yangu, nilimpa muda wa kutosha kusema maneno mawili. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Mbele yake binti wa dada yake wa ukoo anapoteza miaka sita ya kazi, na yeye anapima ni kipi kizito zaidi: hilo, au uso wake mbele ya baba mkwe. Na akapima, na akaamua. Akatoa simu mfukoni akaiweka sikioni.

"Haloo? Ndiyo. Ndiyo, nakuja."

Simu ilikuwa imezima. Sote tuliona kioo cheusi.

"Frema," nikasema, "andika: Halmashauri, Dwenasekrom."

"Nana?"

"Andika, mjukuu wangu. Shule ya Msingi ya Halmashauri, Dwenasekrom. Ilikuwa kwenye banda la kununulia kakao. Msimu wa kakao watoto waliondolewa magunia yakaingia, na magunia yakitoka watoto walirudi. Nilimpeleka mwenyewe siku ya kwanza. Alilia akang'ang'ania sketi yangu, nikamwacha na ndizi ya kuchoma. Akra aliiona mara ya kwanza akiwa na ndevu."

"Uongo," akasema Boadu, bado ameshika simu sikioni.

"Basi nikikosea mashine itasema. Frema, bonyeza."

Frema alisita. Nafasi ilikuwa moja, na bibi wa darasa la sita upande mmoja, mtaalamu upande wa pili. Akamtazama mjomba wake usoni, akitafuta. Sijui aliona nini, lakini alibonyeza.

Ikafunguka.

Barua za miaka minne zilimwagika, na juu kabisa ilikuwepo ile moja. Frema aliifungua, akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Kisha akaegemea nyuma akapumua. Chupa ya kijani ilikuwa imeondoka. Nguo zake zilikuwa zimerudi, na vipimo vilikuwa ndani, kifua, kiuno, urefu wa mkono, hata vya yule shangazi wa Toronto anayedanganya kiuno chake kila mwaka.

Boadu akashusha simu.

"Baba," akamwambia mkwewe, "kuhusu ile shule, naweza kueleza."

"Usijisumbue," akasema Opanyin Amankwah, akichagua karanga. "Kwa Ambrosi kulikuwa na wimbo tulioimba kila kengele ya chakula. Hakuna aliyepita pale akausahau. Nilikuimbia mwanzo wake siku ulipokuja kuoa. Ukaniambia ni wimbo mzuri, ni wa kanisa gani."

"Ulijua?"

"Miaka kumi na nane. Nilikuwa nangoja uchoke." Akatafuna. "Shule za magunia nimezifundisha miaka thelathini na moja, mkwe. Walitoka madaktari mle. Ila na wewe umetoka."

Dada zake wakacheka wakajifunika midomo kwa vitambaa vya msiba. Mimi sikujifunika.

Frema hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinamia kompyuta. Alibadilisha neno la siri, akaweka sentensi ndefu isiyo na jina la mtu wala mwaka. Akaiondoa ile barua pepe ya mjomba, akaweka yake. Akaiweka ile namba ya uhakika, na simu yake ikapiga ting, na sauti hiyo ilikuwa tamu. Ulipofika wakati wa maswali, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nana, wanauliza tena. Mama yangu aliitwaje kabla hajaolewa?"

"Mama yako si anajulikana na watu wote?"

"Ndiyo."

"Basi danganya. Waambie aliitwa kitu ambacho hakuna mtu atakiandika bangoni."

Akafikiri, akaandika, akacheka peke yake. Sikuuliza. Hata mimi sitaki kujua.

Boadu alikuwa amesogea na kiti chake. Akaivuta tai, akarudisha ile sauti yake ya juu ya duka la matairi.

"Vizuri. Kazi nzuri, Frema. Sasa niandikie hilo neno jipya la siri kwenye karatasi, nilihifadhi."

"Hapana, Mjomba."

"Nini hapana? Mimi ndiye msimamizi."

"Ulikuwa."

"Frema, mimi ni mjomba wako. Mwombolezaji mkuu wa..."

"Najua, Mjomba. Ukoo mzima umeshatuma vipimo isipokuwa wewe." Akaifunga kompyuta, akachukua utepe wake shingoni, akasimama mbele yake. "Inuka nikupime tumbo. Mikono juu."

Boadu alimtazama mkwewe. Mkwewe alikuwa anamenya karanga. Akanitazama mimi. Kisha akainuka, mwanga wa mchana wote uko usoni mwake, akainua mikono.